Nyumba, Deni na Karatasi: Utangulizi wa Misuko ya Tamthilia za Kimarekani Zilizotuzwa

Anayezisoma kwa mara ya kwanza tamthilia za Kimarekani zilizopata tuzo kubwa hulalamika kwamba hamna kinachotendeka. Hapinduliwi mfalme wala havipiganwi vita. Watu wamekaa jikoni au sebuleni, wanakunywa, wanachokozana, wanarudia ugomvi ambao ni dhahiri ulikuwapo jana na juzi. Kisha, bila msomaji kujua mambo yameharibika saa ngapi, mmoja amekufa, mwingine amepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na nyumba iko mikononi mwa wengine. Utangulizi huu ni wa msomaji huyo, na wa mwalimu wake pia.

Ukifungua mojawapo ya tamthilia hizi, usianze kwa kuuliza shujaa ni nani. Uliza nyumba ni ya nani, nani anaidai, na ni karatasi gani itakayotiwa sahihi, itakayofichwa au itakayosomwa kwa sauti kabla ya pazia kufungwa. Hundi ya bima, hati ya shamba, ripoti ya daktari, barua ya aliyejiua, tangazo la kazi: hizo ndizo zinazousukuma msuko. Tukio kubwa mara nyingi limeshatokea miaka mingi kabla ya onyesho la kwanza. Mtoto ameshazikwa, shamba limeshapotea, mume ameshajiua. Kazi ya mchezo ni kuyafukua, na karatasi ndiyo jembe.

Tuzo yenyewe imechangia hali hii. Joseph Pulitzer, mhamiaji kutoka Hungary aliyetajirika kwa magazeti, alifariki mwaka 1911 na kuacha wosia ulioanzisha tuzo zinazosimamiwa na Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Zilianza kutolewa 1917. Ya tamthilia ilipata mshindi wa kwanza mwaka uliofuata, Why Marry? ya Jesse Lynch Williams, mchezo ambao leo hukumbukwa kwa sababu hiyo tu. Wosia ulitaka mchezo unaoinua maadili, ladha na adabu. Baadaye masharti yalilegezwa, lakini yakabaki na upendeleo kwa kazi inayohusu maisha ya Kimarekani. Waandishi waliusikia upendeleo huo vizuri, wakaingia jikoni.

Waamuzi hupendekeza, bodi huamua, na mara nyingine hawaelewani. Kisa maarufu ni cha 1963, waamuzi walipoichagua Who's Afraid of Virginia Woolf? ya Edward Albee na bodi ikakataa kwa sababu ya lugha yake na mambo yake ya chumbani. Mwaka huo hakuna aliyetuzwa, na waamuzi wawili, John Mason Brown na John Gassner, walijiuzulu. Mchezo uliokataliwa nao una karatasi yake, ya ajabu kuliko zote. Profesa George na mkewe Martha, baada ya usiku mzima wa pombe na matusi mbele ya wageni wawili vijana, wanamzungumzia mwana wao aliye mbali. George anatangaza kwamba telegramu imeletwa: mwana amekufa. Martha anadai aione. George anajibu kwamba ameila. Hapo ndipo mgeni anapong'amua kuwa telegramu haikuwapo, na mwana naye hakuwapo kamwe. Albee alikuja kupata Pulitzer tatu kwa michezo mingine, lakini huu uliokosa ndio unaoendelea kusomwa zaidi.

Baba wa mkondo huu ni Eugene O'Neill, aliyeshinda mara nne. Ushindi wa nne, mwaka 1957, alikuwa keshakufa. Long Day's Journey into Night inatokea katika siku moja ya Agosti 1912, tangu baada ya kifungua kinywa hadi usiku wa manane, katika nyumba ya majira ya joto ya familia ya Tyrone. Baba ni mwigizaji mwenye kununua viwanja kila anapopata senti, lakini akiugua mtu humwita daktari wa bei rahisi. Daktari wa namna hiyo ndiye aliyempa mkewe Mary mofini alipojifungua Edmund, na Mary hajawahi kuiacha kwa kweli. Sasa Edmund ana kifua kikuu, na baba anapiga hesabu ya hospitali ipi ni nafuu. Siku nzima hakuna kipya kinachotendeka zaidi ya watu wanne kulazimika kukiri wanachokijua. O'Neill aliyaandika haya kutoka katika familia yake mwenyewe na hakutaka yachapishwe hadi miaka 25 baada ya kifo chake. Mjane wake aliamua vingine, na mchezo ukaonyeshwa kwanza Stockholm, Sweden, mwaka 1956.

Mahali pa kujifunzia msuko huu kwa ukamilifu, hata hivyo, ni Death of a Salesman ya Arthur Miller, iliyofunguliwa Broadway tarehe 10 Februari 1949 na kutwaa Pulitzer mwaka huohuo. Willy Loman, mchuuzi wa miaka 63, anarudi nyumbani Brooklyn usiku na masanduku yake ya sampuli kwa sababu hawezi tena kulidhibiti gari barabarani. Mkewe Linda anajua madeni yote kwa senti: friji, mashine ya kufulia, gari, bima, na malipo ya mwisho ya nyumba waliyoilipia kwa miaka 25. Kesho yake Willy anakwenda kuomba kazi ya ofisini na anafukuzwa na kijana ambaye ni mtoto wa bosi wake wa zamani. Siku hiyohiyo mwanawe mkubwa, Biff, anakwenda kuomba mtaji kwa tajiri aliyemfanyia kazi zamani, anasubiri kutwa, tajiri hamkumbuki, naye anaondoka na kalamu ya wino aliyoiiba mezani. Jioni wanakutana mkahawani kusherehekea mafanikio ambayo hayapo.

Hadi hapo ni kisa cha kawaida. Linaloifanya kazi hii iwe ya kipekee ni jinsi wakati uliopita unavyoingia. Vitabu vyetu vya shule vingeiita mbinu rejeshi, au kisengerenyuma kama wasemavyo Tanzania, na nadhani jina hilo haliutoshi mchezo huu. Katika mbinu rejeshi hadithi husimama, tunapelekwa nyuma, kisha tunarudishwa. Kwa Willy hadithi haisimami. Anacheza karata na jirani yake Charley, na papo hapo anazungumza na kaka yake Ben aliyekwishakufa. Charley anasikia majibu yasiyohusiana na alichouliza na kudhani anafanyiwa mzaha. Mambo yote mawili yanatendeka sasa, ndani ya kichwa kimoja. Msanii Jo Mielziner aliibuni nyumba ya jukwaani kuwa mifupa mitupu: wahusika wakiwa katika leo hutumia milango, wakiwa katika jana hupita kuta kama hazipo. Mtazamaji hahitaji kuelezwa. Akimwona Biff anakatiza ukuta, anajua ni Biff wa miaka 17.

Na ndani ya jana hiyo kuna chumba cha hoteli Boston, mwanamke asiye Linda, na Biff anayebisha hodi. Miller anakificha chumba hicho hadi sehemu ya pili imekaribia kwisha. Tukishakiona, tunaelewa kwa nini mvulana aliyeabudu babake aliitupa nafasi ya chuo kikuu. Willy anatoka na gari usiku huo ili familia ipate bima ya dola 20,000. Kaburini Linda anasema kwamba malipo ya mwisho ya nyumba yamefanywa siku hiyohiyo. Nyumba sasa ni yao, na hakuna wa kukaa ndani. Kama bima ililipwa au haikulipwa, Miller hatuambii, na mwanafunzi anayelumbana na wenzake kuhusu hilo yuko kwenye njia sahihi.

Mwaka mmoja kabla, Tennessee Williams alikuwa ameshinda kwa A Streetcar Named Desire. Wengi huukumbuka kwa joto la New Orleans na kelele za Stanley Kowalski, lakini tazama kinachomwasha Stanley kwanza: shemeji yake, Blanche, amefika na sanduku la nguo za kifahari na habari kwamba shamba la ukoo limepotea. Stanley anataja sheria ya Napoleon, ambayo kwa maelezo yake mali ya mke Louisiana ni mali ya mume pia, na anadai kuona hati za mauzo. Analipekua sanduku. Anagusa kwanza barua za mapenzi za marehemu mume wa Blanche, kisha anakabidhiwa rundo la karatasi za rehani za vizazi kadhaa. Mchezo mzima umo katika mapekuzi hayo, kwa kuwa akimaliza shamba atahamia kwenye maisha ya Blanche mwenyewe, na hatua kwa hatua atayapekua hadi daktari aje kumchukua.

Familia nyeusi zilikuwa na sababu zao za kuihesabu nyumba. Lorraine Hansberry alipoonyesha A Raisin in the Sun mwaka 1959, mchezo wa kwanza wa mwanamke mweusi kufika Broadway, alipata tuzo ya wahakiki wa New York. Pulitzer ilikwenda kwingine. Familia ya Younger, Chicago, inasubiri hundi ya dola 10,000 ya bima ya baba. Mama anaweka malipo ya awali ya nyumba katika mtaa wa Wazungu, mwana anazipoteza nyingine kwa tapeli wa biashara ya pombe, na mjumbe wa mtaa ule anafika kwa upole mkubwa na ahadi ya fedha ili wasihamie. Hansberry hakuyabuni haya hewani. Babake alipigania nyumba katika mtaa wa namna hiyo hadi Mahakama Kuu ya Marekani, iliyoamua kesi yake mwaka 1940.

Zaidi ya nusu karne baadaye Bruce Norris aliichukua nyumba ileile na kushinda Pulitzer ya 2011 kwa Clybourne Park. Sehemu ya kwanza ni 1959: tuko kwa Wazungu wanaouza, na tunajua kwa nini wanauza bei ya chini, mwana wao alirudi kutoka vita vya Korea na kujiua orofa ya juu. Sehemu ya pili ni 2009: mtaa umekuwa wa weusi, na Wazungu vijana wanataka kuinunua nyumba, kuibomoa na kujenga kubwa zaidi. Waigizaji ni walewale katika nafasi nyingine. Mjadala unaanza kwa lugha ya vibali na urefu wa kuta na kuishia kwa vichekesho vya ubaguzi vinavyomfanya mtazamaji atazame sakafu. Isome baada ya Hansberry, isiwe kabla.

Mwandishi ambaye ningemshauri msomaji wetu akae naye muda mrefu kuliko wote ni August Wilson. Aliandika michezo kumi, mmoja kwa kila muongo wa karne ya 20, tisa kati yake ikitokea Pittsburgh. Miwili ilipata Pulitzer: Fences mwaka 1987 na The Piano Lesson mwaka 1990.

Fences inaanza 1957. Troy Maxson ni mzoa taka aliyekuwa mchezaji hodari wa besiboli enzi weusi hawakuruhusiwa kucheza ligi kubwa, na alipofunguliwa mlango umri ulikuwa umeshampita. Anamdai bosi wake maelezo kwa nini weusi hubeba mapipa tu na Wazungu huendesha malori. Anapewa uendeshaji, na hana hata leseni. Huyohuyo anamzuia mwanawe Cory asipate ufadhili wa chuo kupitia michezo. Nyumba yao ilipatikana kwa fidia ya ndugu yake Gabriel, aliyejeruhiwa kichwa vitani na anayeamini yeye ni malaika mwenye tarumbeta. Baadaye Troy anatia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma, Gabriel anapelekwa hospitali, na sehemu ya fedha zake inaingia mfukoni mwa Troy. Ongeza mwanamke wa nje, anayefariki akijifungua, na Troy akisimama mbele ya mkewe Rose na kichanga mikononi. Rose anampokea mtoto na kumkataa mume, kwa pumzi moja. Wilson hamhukumu yeyote kati yao, na katika onyesho la mwisho, siku ya mazishi ya Troy mwaka 1965, Gabriel anapuliza tarumbeta imfungulie ndugu yake mbingu, sauti haitoki, basi anacheza.

Katika The Piano Lesson karatasi imebadilika kuwa mti. Enzi za utumwa, bwana mmoja alibadilishana watu wawili, mama na mwanawe mdogo, kwa piano ya kumzawadia mkewe. Bibi akaanza kuwakosa watumwa wake, hivyo fundi seremala, mume wa mama aliyeuzwa, akaagizwa achonge sura zao kwenye mbao za piano. Alichonga zaidi ya alivyoagizwa. Alichonga ukoo mzima, ndoa na misiba. Mwaka 1911 mjukuu wa seremala aliiba piano hiyo na akauawa kwa moto. Mchezo unatokea 1936: Boy Willie amefika Pittsburgh na lori la matikiti maji, anataka kuiuza piano anunue ardhi ileile ambayo wazee wake walilima wakiwa watumwa. Dada yake Berniece hataki iguswe, ingawa mwenyewe haipigi. Nani ana haki? Nimeona darasa likigawanyika katikati juu ya swali hili, kila upande ukiwa na hasira za kweli. Ardhi ni urithi; na sura za wafu, je?

Kuna washindi wasioukubali ufunguo wangu, na ni vizuri kuwataja kabla hujaukuta ukigoma. Our Town ya Thornton Wilder, iliyoshinda 1938, haina mapambo wala siri. Msimamizi wa jukwaa anatuambia mapema nani atakufa na lini, kwa hiyo taharuki imeondolewa makusudi, na bado sehemu ya tatu, Emily anaporuhusiwa kurudi kutoka makaburini kwa siku yake ya kutimiza miaka 12, huwaliza watu waliokwisha kuijua. Doubt ya John Patrick Shanley, mshindi wa 2005, inafanya kinyume: siri ipo na haifunguliwi. Mtawa mkuu wa shule ya Kikatoliki ya Bronx, mwaka 1964, anamshuku padri kuhusu mvulana mmoja mweusi. Hana ushahidi. Anamwondoa kwa kudai amempigia simu mtawa wa parokia aliyotoka, na simu hiyo hakuipiga. Padri anahamishwa, tena kwa kupandishwa cheo.

Kwa msomaji wa Kiswahili yupo mshindi mmoja anayetuhusu moja kwa moja. Lynn Nottage alisafiri hadi Uganda kuzungumza na wanawake waliokimbia vita vya mashariki mwa Kongo, na kutokana na simulizi zao akaandika Ruined, iliyoonyeshwa kwanza Chicago mwaka 2008 na kupata Pulitzer mwaka uliofuata. Upendeleo wa maisha ya Kimarekani uliwekwa kando mara hiyo. Mama Nadi anaendesha baa na danguro katika mji mdogo wa wachimbaji wa koltani. Sheria yake ni moja: anayeingia atoe risasi kwenye bunduki. Anawauzia bia wanajeshi wa serikali leo na waasi kesho. Mchuuzi Christian anamletea wasichana, mmoja wao mpwa wake Sophie, aliyeumizwa vibaya na wanajeshi kiasi kwamba hata danguroni hafai ila kuimba na kuweka hesabu. Mama Nadi ana almasi moja ghafi aliyoificha, akiba yake ya siku mbaya. Vita vinapofika mlangoni anaamua kuitoa ili Sophie akafanyiwe upasuaji, na mfanyabiashara aliyekabidhiwa anaondoka nayo peke yake. Bima ya Willy Loman na almasi ya Mama Nadi ni ndugu: mali ndogo iliyokusudiwa kununua wakati ujao wa mtu mwingine. Mwisho wa mapenzi ambao Nottage aliuweka umebishaniwa sana. Wapo wanaouona mtamu mno kwa yaliyotangulia. Mimi naona wanawake aliowasikiliza walistahili mtu mmoja abaki akicheza dansi.

Mwaka 2017 Nottage alishinda tena, kwa Sweat, na kuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo hii mara mbili. Hapa ni baa nyingine, Reading, Pennsylvania, mji wa viwanda. Tunaanza 2008 na vijana wawili waliotoka gerezani, mmoja mweupe na mmoja mweusi, bila kujua walifanya nini. Kisha tunarudishwa 2000, mama zao wakiwa marafiki wa kiwanda kimoja. Mmoja anapandishwa kuwa msimamizi. Mashine zinaanza kusafirishwa Mexico. Na karatasi? Ni tangazo la kazi la kiwanda hichohicho, ambalo kijana anayefuta meza, Oscar, analitoa mfukoni kwa furaha. Limeandikwa Kihispania. Kina mama ambao familia zao zimefanya kazi humo kwa vizazi hawawezi kulisoma.

August: Osage County ya Tracy Letts, mshindi wa 2008, naiona ndefu kupita haja, ingawa chakula cha baada ya mazishi katika sehemu ya pili ni darasa la matusi ya kifamilia. Uvumilie hadi mwisho, kwa kuwa huko ndiko mjane Violet anapokiri kwamba mumewe, kabla ya kujiua, alimwachia kijibarua cha kumweleza hoteli aliyokuwamo. Angeweza kumpigia. Alingoja kwanza benki ifunguliwe Jumatatu, akaondoe fedha kwenye sanduku lao la amana.

Pa kuanzia, basi. Chukua Fences kwanza, kwa sababu ni fupi na familia yake haihitaji maelezo; kisha Miller; kisha Hansberry na Norris kwa pamoja. Ruined ifuate. Soma kwa sauti na wenzako, hata watatu wanatosha, kwani maneno haya yaliandikwa yasemwe. Halafu jaribu Topdog/Underdog ya Suzan-Lori Parks, mshindi wa 2002: ndugu wawili wamebanana katika chumba kimoja, urithi wao ni dola 500 kwa kila mmoja, na mmoja anamfundisha mwenzake karata tatu, mchezo uleule wa kitapeli unaochezwa kandokando ya vituo vyetu vya mabasi. Mdogo bado ana zake, zimefungwa ndani ya soksi ya mama yao, na hajawahi kuifungua kuona kama kweli zimo.